Meya hayumo kwenye karatasi

"Meya eko wapi?"

Papa Riziki aliuliza hivyo huku ameishika simu yangu kwa mikono miwili, kaisogeza mbali na macho kama mtu anayesoma barua ya deni. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba 2025, mezani kwake, sombe, yale majani ya muhogo, ikichemka nyuma yetu na dirisha limejaa mvuke. Nilikuwa nimemfungulia ukurasa wa wapiga kura wa jimbo la Georgia. Nikaingiza jina, kaunti, na tarehe ya kuzaliwa, Januari 1, ambayo ndiyo siku waliyozaliwa nusu ya wakimbizi ninaowajua. Ukatokea mfano wa karatasi atakayoikuta kituoni.

Nafasi mbili za makamishna wanaosimamia bei ya umeme. Mambo mengine madogo ya kaunti. Basi.

Kwa wiki tatu alikuwa akinipigia simu kuhusu uchaguzi wa mji wa Clarkston, huku pembeni mwa Atlanta. Alitaka kumchagua meya. Alijua wagombea kwa sura, kwa sababu mmoja wao alipita kwenye duka anakonunua ndagala, yaani dagaa, akampa mkono. Uraia aliupata 2023, baada ya kukariri yale maswali 100 ambayo wakati ule uliulizwa 10 na ukipata 6 umefaulu. Yeye anasema alipata yote 10, na sijawahi kukutana na mtu wa kumpinga.

"Labda haijafunguka yote," nikamwambia. Nikasukuma ukurasa juu, nikausukuma chini. Nikaingia kwenye ramani ya mji, nikaandika anwani yake.

Kale kadoa kekundu kakaanguka nje ya mstari.

Si mbali. Ukitoka kwenye ngazi za jengo lake ukatembea kama unakwenda dukani kununua chumvi, unaingia Clarkston. Lakini yeye, kitanda chake, sufuria yake ya sombe na miaka yake 11 ya kuwaambia watu "naishi Clarkston", vyote viko nje.

"Papa," nikasema, "hapa si Clarkston."

Alinitazama muda mrefu. Halafu akacheka, kile kicheko cha kumhurumia mtoto aliyekosea hesabu.

"Mama, mimi niko mutu wa Clarkston."

## Jina la posta

Tangu siku ile nimekuwa nikiulizana na ramani. Usiku, badala ya kulala, naingiza anwani za watu ninaowajua. Dada wa kwaya: nje. Yule kijana wa Burundi anayenyoa watu sebuleni: ndani, kwa upana wa barabara. Mama aliyenifundisha kupata unga wa muhogo hapa: nje, tena mbali kabisa.

Nikaanza kuelewa kosa linatoka wapi, kama ni kosa. Barua zinazokuja kwenye majumba haya zimeandikwa Clarkston, msimbo wa posta 30021. Lakini hiyo ni Clarkston ya posta. Posta haiulizi nani anakusanya taka zako wala polisi wa nani watakuja ukipiga simu. Inachotaka ni barua ifike. Clarkston ya sheria, yenye meya, madiwani na polisi wake, ni kidoa ndani ya hiyo ya posta. Kinachobaki ni ardhi ya Kaunti ya DeKalb isiyo chini ya mji wowote.

Wa kwetu hamhitaji maelezo marefu. Muulize mtu wa Vikindu anakaa wapi, atakwambia Dar. Muulize wa Rongai, atakwambia Nairobi, na Kajiado ataikumbuka siku ya kulipia kitu. Tofauti ni kwamba wale wanajiongezea ukubwa, wanajinasibu na jiji. Hapa watu wanakimbilia udogo. Wako ndani ya eneo la Atlanta, mkusanyiko wa watu zaidi ya milioni 6, jina ambalo hata bibi yangu Ujiji amelisikia kwenye redio, na bado hawasemi Atlanta. Wanasema Clarkston, mji ambao hata wenyeji wa upande wa pili wa Atlanta hawajui uko wapi.

Hilo ndilo lililokuwa likinikera. Kwa nini hili jina?

## Mbuzi na reli

Mimi ni mtu wa Kigoma, mwisho wa reli. Nimekulia mahali ambapo treni ikifika haina pa kwenda tena, inabaki kupumua kando ya ziwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokipenda Clarkston, 2016, ni reli inayoukata mji katikati. Treni za mizigo hupita mchana na usiku, ndefu, zina makontena juu ya makontena, na hazisimami.

Zamani zilisimama. Reli ya Georgia ilifika Atlanta 1845 ikitokea upande wa Augusta, na vituo vidogo vikaota njiani kama uyoga. Hiki kimoja kilipewa jina la mkurugenzi wa kampuni ya reli aliyeitwa Clark, na mwaka 1882 kikaandikishwa kuwa mji. Watu walikaa hapa, wakapanda treni kwenda kufanya kazi Atlanta, kilomita 16 hivi, wakarudi jioni. Kitongoji cha watu wa kusafiri. Wengine waliuita kwa utani Goatsville, mji wa mbuzi, na mpaka leo timu za shule ya sekondari ya Clarkston zinaitwa Angoras, kwa jina la mbuzi wa manyoya marefu. Nilipomwambia Papa Riziki jambo hili alifurahi kuliko nilivyotegemea. Kwake lilikuwa ushahidi. Mji uliokuwa wa mbuzi ukapata watu wanaojua kumla mbuzi.

Kwa karibu miaka mia moja Clarkston ilikuwa ya wazungu, tulivu, na kanisa la Wabaptisti katikati. Miaka ya 1970 yakajengwa majumba mengi ya apatimenti kwa ajili ya wafanyakazi wa tabaka la kati wa Atlanta. Wale wakahamia mbali zaidi, kwenye nyumba zenye nyasi. Apatimenti zikabaki, kodi ikashuka. Kuanzia miaka ya 1980 mashirika yanayopokea wakimbizi yakapiga hesabu: kodi nafuu, basi lipo, stesheni za treni za MARTA si mbali, kazi zisizohitaji Kiingereza zipo Atlanta. Wakaanza na Wavietnamu. Halafu Waethiopia na Waeritrea, Wabosnia, Wasomali, Wasudani, Waliberia, Warundi waliokimbia kwao 1972 wakazeekea kambini Tanzania, Wabhutan, Waburma, Wakongo, Wasyria, Waafghani. Ukitaka kujua vita vya dunia vilipangana vipi, simama mlangoni pa jengo moja la hapa usome majina kwenye visanduku vya barua. Majina mapya yamebandikwa juu ya ya zamani.

Lile kanisa la Wabaptisti waumini walipopungua lilijibadili jina, likawa Clarkston International Bible Church. Nimeingia humo. Chini ya paa moja watu wanasali kwa lugha tofauti kwa saa tofauti, na kila kundi linalalamika kwamba lililotangulia limechelewa kutoka.

## Nani alipima?

Kuna msemo ambao kila mgeni hupewa siku ya kwanza: Clarkston ni maili moja ya mraba yenye mchanganyiko wa watu kuliko zote Marekani. Wanakwambia karibu nusu ya wakazi walizaliwa nje ya nchi, wanakwambia lugha 60. Waandishi wa habari wanaupenda sana. Wanakuja, wanapiga picha ya mwanamke mwenye kitenge akivuka reli, wanaondoka.

Nami nimeutumia, nisijifanye. Nimewaandikia hivyo ndugu zangu Kigoma.

Lakini nani alipima hiyo maili? Sensa ya 2010 ilikuta watu 7,554. Ya 2020 ikakuta 14,756. Hawakuzaana kiasi hicho. Kati ya hizo sensa mbili mji ulisogeza mpaka wake, ukameza vipande vya kaunti vilivyokuwa jirani, na sehemu kubwa ya hao wakazi wapya hawakuhama hata hatua moja. Walilala kaunti, wakaamka mjini. Kwa hiyo mstari unaweza kusogea. Uliposogea ukapita karibu na kina Papa Riziki, ukawaacha.

Na si kwamba ndani ya mstari kila kitu kimekuwa kitamu. Wasomaji wanaoishi huku wanaikumbuka hadithi ya mpira. Luma Mufleh, mwanamke aliyezaliwa Jordan, alianzisha 2004 timu ya watoto wakimbizi, wakaiita Fugees. Watoto walitaka kucheza kwenye bustani ya mji. Mwaka 2006 meya wa wakati huo, Lee Swaney, akasema kiwanja kile ni cha besiboli; soka hapana. Januari 2007 New York Times ikaiweka habari hiyo ukurasa wa mbele, na mji wa maili moja ukajulikana dunia nzima kwa kuwanyima watoto nyasi.

Huwa nawaza juu ya wale watoto. Wengi wao, nina hakika, walikuwa wakitoka kwenye majumba yaliyo nje ya mstari. Wangeweza kuambiwa kwa haki kabisa ya kisheria: hiki kiwanja ni cha mji, na ninyi si wa mji. Hakuna aliyewaambia hivyo. Hata waliowakataa waliwakataa kama watoto wa Clarkston.

Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili, kwa sababu inakaribia kuwa ya kusifu, na hakuna cha kusifu. Nimeirudisha kwa sababu ni kweli.

## Saa tisa usiku

Nirudi kwa Papa Riziki. Kazi yake ni kuku. Saa tisa usiku gari aina ya van linasimama chini ya jengo, linawasha taa mara moja bila kupiga honi, na wanaume na wanawake wanashuka ngazi wakiwa na makoti na vyakula kwenye ndoo za plastiki. Wanakwenda Gainesville, mji unaojiita mji mkuu wa kuku duniani, mwendo wa saa nzima kaskazini. Huko wanasimama kwenye baridi ya kiwanda wakikata mapaja mpaka vidole vinakuwa vya mtu mwingine. Mchana wanarudi na kulala.

Yeye amefanya kuku miaka 11. Ametoa humo ada ya chuo ya mwanawe Riziki, mazishi mawili ya Uvira, kwao Kongo, aliyohudhuria kwa simu, na deni la tiketi ya ndege iliyomleta, kwa sababu ile tiketi wakimbizi huilipa wenyewe, kidogo kidogo. Anaponisimulia juu ya deni lile husema alilimaliza "nikiwa Clarkston". Namsikiliza sasa kwa masikio mengine. Anasema hivyo kama vile mtu anavyosema nikiwa kijana, nikiwa na nguvu.

Wengi wa rika lake wameondoka. Wakishapata pesa ya kutanguliza, wananunua nyumba Stone Mountain, Lithonia, Snellville. Wengine wamekwenda Iowa kwenye nyama ya nguruwe, wengine Kentucky. Na huko walikohamia, ukikutana nao kwenye harusi, wanajitambulisha: sisi ni watu wa Clarkston. Mmoja hajakanyaga hapa miaka minne!

Kwa muda nilidhani nimepata jibu, kwamba Clarkston ni kama stesheni. Watu hawaishi stesheni, wanapita, na jina wanabeba kwa sababu ndipo waliposhukia. Ni jibu zuri na lilinitosha kama siku tano. Nilikuwa nimeshaanza kuliandika.

Halafu Papa Riziki akaniambia habari ya kilomita nne.

## Kilomita nne

Tulikuwa garini. Nilikuwa bado namweleza mpaka, kwa ukaidi wa mtu mwenye ramani, nikisema pengine mji utasogeza mstari tena siku moja. Akanikatiza.

"Wewe ni mutoto wa Kigoma. Unajua Nyarugusu?"

Naijua. Nimeijua kama watu wa Kigoma mjini tunavyoijua: malori meupe yanayopita kuelekea Kasulu, mahindi ya msaada sokoni, na kijana mmoja darasani kwetu ambaye hakusema anatoka wapi mpaka siku alipoacha kuja. Kambi ilifunguliwa 1996. Papa Riziki aliingia mwaka uliofuata, akitokea Uvira kwa kuvuka ziwa, na akatoka 2014. Miaka 17. Hiyo ndiyo sababu Kiswahili chake ni cha Kasulu anapotulia, na cha Uvira anapokasirika au anapofurahi.

"Pale kulikuwa na mustari," akasema. "Kilomita nne. Ukipita kilomita nne bila karatasi, wanakukamata. Mimi nilikuwa na shamba la kukodi kilomita tano."

Akanyamaza. Nikajua anachokiacha. Katika miaka hiyo 17 mimi nilikuwa upande wa pili wa mstari ule, nakwenda shule, nakula muhogo ambao pengine ulilimwa na mtu aliyeupita mstari kwa kuibia. Hatukuwahi kuiita Nyarugusu sehemu ya Kigoma. Tuliiita kambini. "Ametoka kambini." Mtu akae pale tangu mtoto wake yuko tumboni mpaka mtoto anaota ndevu, bado ametoka kambini. Mwenyewe hakuwahi kusema "mimi ni mtu wa Kigoma", na kama angesema tungemcheka.

Hapa kasema "mimi niko mutu wa Clarkston", na hakuna aliyecheka.

Isipokuwa mimi, siku ile jikoni, na ramani yangu. Sikucheka kwa mdomo, lakini nilimsahihisha. Nilimwonyesha mstari.

Sikulala vizuri usiku ule, nikubali tu.

## Mimi niko ndani

Kuna jambo nimelichelewesha kwa makusudi.

Nyumba ninayopanga iko ndani ya Clarkston. Ndani kabisa, karibu na reli, vikombe hutetemeka kabatini. Polisi wangu ni wa mji. Meya ni meya wangu. Vipeperushi vyote vya uchaguzi vya Oktoba vilikuja mlangoni kwangu, na baadhi nilivitafsiri kwa sauti kwenye simu ili Papa Riziki avisikie.

Na siwezi kupiga kura. Nilikuja kwa bahati nasibu ya viza, nina kadi ya kijani, na miaka ya kuomba uraia imeshatimia na kupita. Sijaomba. Tanzania hairuhusu uraia pacha; nikiapa hapa, kule nimejitoa. Nimesikia mazungumzo yote juu ya hadhi maalumu kwa sisi wa ughaibuni, na bado kila nikifungua ile fomu naifunga. Namwona baba yangu akiniuliza uwanja wa ndege nimeingia kwa pasi gani.

Kwa hiyo tazama tulivyokaa pale mezani. Yeye ana uraia na hana mji. Mimi nina mji na sina uraia. Kati yetu sisi wawili angepatikana mpiga kura mmoja kamili wa Clarkston.

Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akashika meza. Akasema kama sheria ingekuwa na akili ingetuacha tuingie kituoni tumeshikana mikono.

Lakini nimeendelea kulitafuna. Sijioni mtu wa Clarkston. Miaka tisa ndani ya mstari, na mtu akiniuliza nasema "nakaa Atlanta huku", halafu "lakini natoka Kigoma". Mji unanijua kwa anwani, na mimi nimeutumia kama hoteli. Nilipotafuta kwa nini yeye anaweza kulisema lile jina na mimi siwezi, nilichokipata hakinifurahishi: mimi nina pa kurudi, kwa hiyo sijawahi kulazimika kufika.

## Januari

Mwaka 2025 kazi yangu ya ukalimani ilipungua kwa zaidi ya nusu. Anayeishi hapa anajua sababu. Januari 20, 2025 amri ya rais ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi. Wiki hiyo hiyo mapigano yalikuwa yakikaribia Goma, na kabla Januari haijaisha mji ukaanguka. Februari ikafuata Bukavu. Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote walioingia Marekani mwaka uliotangulia. Mlango ulifungwa wakati ambapo nyumba nyingine inaungua.

Mdogo wake Papa Riziki yuko Nyarugusu na mke na watoto watano. Mahojiano walishamaliza, vipimo vya afya walishamaliza, safari ilikuwa Februari. Walikuwa wameshauza vitanda. Watu wa kambini huuza vitanda wakishapata tarehe, kwa sababu ukibeba kitanda utakipeleka wapi? Safari ikafutwa. Wamelala chini miezi hiyo yote, na vitanda vipo, vinaonekana, kwenye nyumba ya jirani aliyevinunua.

Papa Riziki alikuwa amewatafutia apatimenti kwenye jengo lake. Nje ya mstari, ndiyo. Alikuwa ameshamwambia mdogo wake kwamba watakaa Clarkston.

Nilikuwa nikitembea zamani saa za jioni na kuwatambua wageni kwa viatu. Wiki ya kwanza watu huvaa viatu walivyopewa, vyeupe mno, wanatembea katikati ya njia na karatasi mkononi, na nyuma yao kesiwoka, yule mtu wa shirika anayewapokea, anazungumza na simu. Siwaoni tena. Maduka yapo, sombe ya barafu ipo, shuleni watoto wapo. Ofisi kadhaa zimepunguza watu. Kuna ukimya fulani ambao siwezi kuupiga picha. Mwandishi wa habari akija leo atampata bado yule mwanamke wa kitenge anavuka reli.

Kama Clarkston ni stesheni, imekwisha, maana hakuna anayeshuka. Hapo ndipo lile jibu langu la siku tano lilipofia. Maana watu hawajaondoka kwa kuwa wengine hawaji. Wananyoana nywele sebuleni na kugombana juu ya zamu ya kanisa. Papa Riziki ananunua ndagala za Tanganyika kwa bei ambayo ingewafanya wavuvi wa Katonga wazimie, na ananiambia ni haki yangu kumlipia nusu kwa sababu zimetoka kwetu.

## Kura ya umeme

Alikwenda kupiga kura. Nilidhani ataghairi, akanishangaa.

"Umeme nalipa," akasema. "Basi kura ya umeme napiga."

Ilikuwa siku ya kazi, mchana, ametoka kuku moja kwa moja na hajalala. Nilimsubiri nje. Alikaa humo dakika kumi, akatoka na kile kibandiko cha Georgia chenye picha ya pichi, kakibandika kwenye koti la kiwandani, upande wa moyo. Hakusema amemchagua nani na sikumuuliza. Baadaye tulisikia kwamba viti vyote viwili vya makamishna wale vimechukuliwa na chama cha Democratic. Alitikisa kichwa kama fundi ambaye injini aliyoigusa imewaka.

Tulirudi kwa kupitia katikati ya mji, kwa sababu alitaka kupita dukani. Kwenye kivuko taa zikaanza kuwaka, kizuizi kikashuka mbele ya gari letu, na treni ikaja. Ndefu kama kawaida. Simu yake ikalia. Mdogo wake, kutoka kambini, picha inakatika-katika, nyuma yake giza na sauti za watoto.

"Uko wapi?" yule akauliza.

"Niko Clarkston."

Nikatazama dirishani kwa mazoea yangu mabaya, nikatafuta kichwani mstari unapita wapi. Tulikuwa ndani.

"Hiyo kelele ni ya nini?"

"Gari moshi."

"Inakwenda wapi?"

Papa Riziki akanigeukia, kibandiko kinameta kwa jua. "Inakwenda wapi hii?"

Nikasema labda Augusta, labda baharini, sijui.

Akarudi kwenye simu. "Hata haisimami," akamwambia. "Inapita tu. Ngoja imalize, nitakusikia vizuri."